UZI: Nimeshuka Shanghai na meli ya kitalii, siku moja tu, bila kupanda basi la meli

Shangazi wa Tandika

Wakuu habari za humu. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mada ya mizigo ya Guangzhou, watu wakanisumbua kweli kweli, leo nimekaa na chai yangu naandika. Utakuwa mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Wanaonijua wanajua mimi China naenda kibiashara, na China yangu ni ileile ya kila mtu wa Kariakoo: eapoti ya Baiyun, hoteli za Xiaobei, masoko ya Guangzhou, ukimaliza unapanda treni kwenda Yiwu, unarudi na begi la sampuli na miguu imevimba. Miaka yote hiyo sijawahi kukaa China hata nusu saa bila kufikiria bei ya jumla. Sasa mpwa wangu anafanya kazi kwenye haya mameli ya kitalii yenye maghorofa, kampuni inawapa bei ya ndugu, akanipigia shangazi kuna nafasi, meli inatoka Hong Kong inapita Shanghai, unakuja hauji? Nikasema potelea mbali, duka litafunguliwa na binti. Jina la meli msiniulize, sitaki kumponza mtoto wa watu.

Nianze na viza maana ndio watu wanaumizwa hapo. Mnasikia China wameweka msamaha wa saa 240 kwa wanaopita, ni kweli, ila hiyo ina orodha ya nchi na Afrika hatumo hata nchi moja. Upo msamaha mwingine ambao ni wa meli za kitalii, ulianza tarehe 15 Mei 2024: ukija kwa meli kwenye kundi la kuanzia watu wawili lililoandaliwa na wakala wa utalii wa China unaruhusiwa mpaka siku 15, unaingia na meli unatoka na meli ileile. Tatizo lake upo chini ya kundi, kiongozi akisema basi linaondoka linaondoka. Mimi nilikuwa na viza yangu ya biashara ya kuingia mara nyingi, nikashuka kama mtu huru. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, angalia sana ratiba ya meli, maana ukipita Hong Kong katikati ukarudi bara tayari hiyo ni mara ya pili na utabaki kuchungulia dirishani wenzio wakishuka.

Naendelea chini, simu inaita.

Chapati Mbili

Nimeweka kigoda hapa, endelea shangazi.

Fundi wa Mabibo

Tupia na gharama basi, isije ikawa uzi wa kututamanisha tu.

Shangazi wa Tandika

Gharama zinakuja taratibu.

Niliamka kabla ya alfajiri nikapanda juu kabisa kwenye deki, baridi ya mwezi wa kumi na moja, nimejifunga khanga mbili juu ya koti na Wazungu wananiangalia. Nilidhani nitaona minara ya Shanghai ile ya kwenye picha. Hamna. Nimeona maji ya rangi ya udongo, mapana hujui ni bahari au mto, kumbe ni Yangtze, na meli za mizigo zimepanga foleni kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Nyingine ndogo zimebeba mchanga zimezama hivi mpaka unahisi maji yanaingia ndani. Halafu pembeni kreni, halafu kreni, halafu viwanda vya kuunda meli. Pale gatini tukakuta imelala ile Adora Magic City, meli kubwa ya kitalii ya kwanza kuundwa na Wachina wenyewe, imetoka kiwanda cha Waigaoqiao hapohapo Shanghai, safari yake ya kwanza ya abiria ilikuwa tarehe 1 Januari 2024. Ina mita 323, imechorwa michoro ubavuni kama vitambaa vya hariri. Mpwa wangu anasema inabeba abiria zaidi ya elfu tano. Elfu tano, huo ni mtaa mzima.

Gati linaitwa Wusongkou, lipo Baoshan, na hapa ndio nataka mnisikilize: hiyo SIO mjini. Ni pale mto Huangpu unapomwaga maji kwenye Yangtze, na mjini ni mwendo wa kama kilomita ishirini na kitu. Kwenye meli wanakuuzia safari ya basi kwa dola, bei inayotosha kununua sufuria seti nzima, na watu wanalipa kwa sababu wanaogopa umbali. Mimi nilichukua teksi fupi mpaka stesheni ya metro ya Baoyang Road, laini namba 3. Hii laini sehemu kubwa inapita juu kwenye nguzo, sio chini ya ardhi, kwa hiyo unaangalia watu wameanika nguo na magodoro kwenye mabalkoni, hiyo tu ilishanipa raha kuliko maelezo ya mwongoza watalii wa basi. Ukifika Hongkou Football Stadium unabadilisha laini namba 8, unashuka People's Square. Nauli inaanzia yuani 3, kwa umbali ule ikaja yuani 5. Tano. Teksi yenyewe ilinila zaidi kwa zile dakika chache.

Na kabla ya kuingia metro begi lako linapita kwenye mashine ya skani, kila stesheni, usibebe kisu cha kumenyea machungwa kama mama mmoja aliyekuwa mbele yangu.

Baharia Mstaafu

Shangazi hongera, nikuongezee hapo kwa nini walikushusha Baoshan na sio mjini, maana watu wengi wanadhani ni kwa sababu ya kina cha maji.

Mjini, kaskazini kidogo ya Bund, ule ukingo wa mto wenye majengo ya zamani, lipo gati lingine zuri tu la meli za abiria, ukishuka unatembea kwa mguu. Kina sio shida kubwa, meli ya kitalii hata ikiwa kubwa vipi inakula maji mita nane tisa, na njia ya meli ya mdomo wa Yangtze ilishachimbwa ikafika mita 12.5 tangu 2010. Shida ni kichwa. Kufika gati la mjini lazima upite chini ya daraja la Yangpu la mwaka 1993, na uwazi wake kutoka majini mpaka darajani ni mita 48. Haya mameli mapya yana maghorofa na dohani juu, ukijaribu unaacha dohani darajani. Pili mto pale umejikunja na ni mwembamba, kuigeuza meli ya mita mia tatu ni kazi inayosimamisha watu wote. Kwa hiyo wakajenga Wusongkou nje ya daraja, ikafunguliwa 2011, meli ndogo tu ndio zinaendelea kwenda mjini.

Jingine mwenye kupanga safari alijue: ukungu. Mdomo wa Yangtze ukungu ukishuka, hasa miezi ya mwisho wa baridi na kuanza kwa joto, wanafunga njia na meli inakaa nanga nje. Nimewahi kusubiri pale tunaangaliana tu. Siku yako moja inaweza kuwa nusu siku na hakuna wa kumlaumu.

Kijana wa Likoni

Mzee shikamoo, hii ya daraja imenibamba. Kumbe meli kubwa hivyo inazuiwa na daraja.

Shangazi ulilipaje? Nasikia huko keshi hawataki.

Shangazi wa Tandika

Baharia shikamoo na asante, mimi nilijua ni mbali tu, sababu sikuijua.

Malipo: keshi wanachukua, kisheria hawaruhusiwi kukataa, ila utaona muuzaji anatafuta chenji kwenye madroo kama umempa kazi ya adhabu. Weka Alipay, ile app ya malipo ya Wachina, kwenye simu ukiwa bado nyumbani, unaunganisha kadi ya Visa au Mastercard, unapiga picha pasipoti, wanathibitisha. Malipo ya chini ya yuani 200 hawakukati kitu, juu ya hapo wanakata asilimia 3 kwa kadi za kigeni. Humohumo ndani ya Alipay unatoa msimbo wa QR wa kuingilia metro, unaskani getini unapita. WhatsApp, Google, vyote vimefungwa ukitumia intaneti ya huko, ila ukiwa na laini ya nje yenye romingi zinafanya kazi. Ramani nilishusha ya Kichina ile Amap, na majina ya sehemu nilikuwa nimeyapiga picha kwa maandishi ya kwao, unamwonyesha dereva teksi simu hata hamuongei.

Haya, tumefika mjini.

People's Square nikatoka nikaingia mtaa wa Nanjing, ule usiopita magari. Maduka ya kila namna, sawa, lakini kwa mtu anayenunua jumla pale ni maumivu, gauni nililolijua kwa bei ya Guangzhou lina bei mara nne. Nikatembea tu mikono mfukoni mpaka mwisho, na mwisho wake ndio Bund, ukingo wa mto. Pale mtu unasimama. Upande wako majengo ya mawe ya zamani ya mabenki na makampuni ya Wazungu, upande wa pili wa mto Pudong na minara yote ile. Mto katikati, mapana yake unaweza kumwona mtu wa ng'ambo ila humtambui.

Watalii wengi wanageuzia mgongo yale majengo ya zamani, wanapiga picha minara wanaondoka. Nawashauri ingieni ndani. Lile lenye kuba lilikuwa la HSBC, la mwaka 1923, sasa ni benki ya Wachina na unaruhusiwa kuingia ukumbini bure, picha tu ndio hawataki. Nyanyua kichwa. Kwenye dari la duara kuna michoro ya vijiwe vidogo vya rangi, ya miji minane yenye matawi ya hiyo benki enzi hizo: London, Paris, New York, Tokyo, Calcutta, Bangkok, Hong Kong na Shanghai yenyewe. Baada ya Wakomunisti kuchukua nchi ikapakwa lipu juu, ikakaa imefichwa mpaka 1997 mafundi walipokuwa wanakarabati wakaikuta. Kwa hiyo badala ya kuvunja walifunika, na mimi hapo nikamheshimu sana huyo fundi wa lipu, maana angeweza kuchukua nyundo. Jengo linalofuata ni la forodha, 1927, lina saa juu ya mnara inapiga kila saa, ukiwa ng'ambo unaisikia.

Mwalimu Mkavu

Sasa hapo ndio ungesema ukweli mchungu. Hayo majengo ya Bund ni ya wakoloni, walijenga kwa pesa za afyuni na kuinyonya China, wewe unayasifia. Tungeyasifia hivyo majengo ya Mjerumani pale Dar?

Shangazi wa Tandika

Mwalimu mimi nimesifia dari na fundi wa lipu. Na majengo ya Mjerumani pale Kivukoni mbona tunapiga nayo picha za harusi kila Jumamosi.

Chapati Mbili

😂😂😂 Mwalimu kaa chini.

Dada wa Muscat

Shangazi salaam alaikum. Mimi na mume wangu tunawaza safari kama hiyo inshallah. Chakula cha halali kinapatikana? Na sehemu ya kuswali mtu akiwa mtembezi? Hayo ndio yananipa wasiwasi, mengine tutajua mbele ya safari.

Shangazi wa Tandika

Waalaikum salaam dada. Hilo usiwe na wasi kabisa, tena nimekula vizuri kuliko melini.

Tafuta vile vimgahawa vya tambi za Lanzhou, vipo kila kona, bango huwa la kijani au bluu na limeandikwa 清真, maana yake halali, wengi wenye navyo ni Waislamu wa kule kaskazini magharibi, wanaume wana kofia nyeupe na wanawake wamefunga vichwa. Nilichoingia kilikuwa kinyumba cha meza sita. Kijana yupo mbele kioo kikimtenga na sisi, ana donge la unga, analivuta mikono yote miwili linakuwa kamba, analipiga mezani pwa!, analikunja mara mbili anavuta tena, zinakuwa mbili, nne, nane, mpaka ghafla ameshika nyuzi kibao nyembamba sawasawa anazitupa kwenye sufuria. Wanakuuliza unataka nene, nyembamba au bapa, kwa kuonyesha picha ukutani. Supu ya ng'ombe, vipande vya figili, giligilani, pilipili ya mafuta unajiwekea mwenyewe kwenye mkebe. Nimekunywa mpaka kijasho kikatoka na nje ilikuwa baridi. Bei haikufika yuani 30.

Msikiti: karibu na bustani ya Yuyuan, mji mkongwe, kuna msikiti wa Xiaotaoyuan, jengo lake la sasa ni la 1925, kuta za rangi ya manjano kuiva, unaupata kwa mguu kutoka kwenye bustani. Sehemu ya wanawake ipo. Mzee wa mlangoni alinisalimia kwa salaam ya kamili, mengine yote tukaongea kwa mikono.

Na hiyo Yuyuan kama utakuwa na muda ingia, ilianza kujengwa 1559 na ofisa mmoja aitwaye Pan Yunduan kwa ajili ya wazazi wake wapate pa kupumzika uzeeni. Ila daraja lake la kona kona la hapo nje wikendi watu wanajaa hamsogei.

Fundi wa Mabibo

Mtu anajengea wazazi bustani, sisi tunabishana nani atume ya umeme.

Shangazi vipi yale majengo marefu ulipanda?

Shangazi wa Tandika

Nilivuka kwenda huko, na hapa ndio patamu pangu pa siku nzima, nataka nipaeleze vizuri.

Kuvuka Huangpu una njia nne. Metro laini 2, dakika mbili tatu, huoni kitu. Ile njia ya chini ya mto yenye kijibehewa na mataa ya rangi rangi, karibu yuani 50, utoto mtupu. Meli za matembezi, zaidi ya mia. Na ya nne ni kivuko cha wananchi, gati lake lipo upande wa kusini wa Bund, nauli yuani 2, kama shilingi mia saba ya kwetu. Watalii wa melini kwetu hakuna aliyejua kama kipo.

Mnasubiri nyuma ya geti la bati, na sio watalii: wamama na mifuko ya mboga, wazee wa magongo, vijana wa kusambaza chakula na pikipiki zao za umeme, wamevaa vizibao vya njano na vya bluu, kila mmoja anaangalia simu muda unamkimbia. Geti likifunguka wote mnaporomoka kwa pamoja, pikipiki na miguu, nimebebwa tu na kundi. Ndani viti hakuna hata haja, nikashika chuma cha pembeni. Honi, injini inatetemesha nyayo, harufu ya dizeli na ya maji. Kijana mmoja wa pikipiki jirani yangu box lake limeandikwa Kichina na mvuke unatoka, chakula cha mtu hicho. Mkipita katikati ya mto inapita tishari la mchanga mbele yenu, nahodha wa kivuko anapunguza anampisha, kijana wa chakula anasonya. Aisee nilicheka peke yangu. Magogoni kabisa! Nilichokosa ni muuza karanga tu.

Na wale vijana hawaangalii minara hata mara moja. Mimi peke yangu ndio nimekodoa macho, ukiitazama kutokea majini kati kati, zamani upande huu na sasa upande huu, hakuna tiketi ya mnara itakayokupa hicho kitu.

Kijana wa Likoni

Magogoni mnalipa 200, Likoni mtu wa miguu anavuka bure, hapo hata Shanghai tumewashinda 😎

Chapati Mbili

Bure lakini foleni ya kwenu manze, mtu anazeekea pale.

Kijana wa Likoni

Usitukumbushe bana.

Lakini niwape moja ya historia mimi. Huo mdomo wa Yangtze, ukipanda kidogo juu unafika Liujiagang, huko Taicang. Ndiko misafara ya Zheng He, yule amiri wa meli za China, ilikuwa inakusanyika kabla ya kutoka baharini, kati ya 1405 na 1433, na ilifika mpaka Malindi. Malindi ndio ilimtumia mfalme wa Ming twiga mwaka 1415. Kwa hivyo shangazi alikuwa kwenye njia ya twiga wetu na hakujua. Vyombo vya kauri vya Kichina mpaka leo vinaokotwa Gedi pale.

Mwalimu Mkavu

Na Kilwa. Msitusahau Kilwa.

Baharia Mstaafu

Nami niongeze kwenye hayo ya mto. Enzi za ujana wangu baharini bandari ya Shanghai ilikuwa ndio huohuo mto Huangpu, magati na maghala yamepanga kingo zote mbili, unafungia mjini, unatembea kwa mguu kwenda kunywa chai. Leo shangazi anapita kwenye mto msafi wa kivuko na boti. Mizigo mingi wameitoa nje. Makontena makubwa yapo Yangshan, visiwa vya baharini kabisa, wakavijengea daraja la Donghai la kilomita 32 na nusu, lilifunguliwa 2005. Gati lao la awamu ya nne la 2017 magari yanajiendesha yenyewe kwa sumaku na kompyuta, humwoni mtu. Mwaka 2024 Shanghai nzima imepitisha makontena zaidi ya milioni 51, mji wa kwanza duniani kuvuka milioni 50, na Mombasa mwaka huohuo ndio kwanza ilikuwa inashangilia kufika milioni 2.

Na zile kingo zilizobaki tupu hawakuuza zote kwa matajiri. Walizifanya njia ya watu kutembea na kukimbia, kilomita 45 zimeunganishwa kufikia mwisho wa 2017, kutoka daraja la Yangpu mpaka la Xupu. Ukiona kreni imesimama imepakwa rangi imebaki kama pambo, ujue hapo palikuwa gati na mimi pengine nilishawahi kufunga kamba.

Shangazi wa Tandika

Hizo kreni nimeziona! Watoto wanaendeshea baiskeli chini yake. Nikajiuliza mbona hawazing'oi.

Haya majengo. Ukishuka kivuko unatembea unafika Lujiazui, ndio mtaa wenye minara yote ile ya Pudong. Wananchi wa pale wanakuambia kabla ya 1990, serikali ilipotangaza kuiendeleza Pudong, ng'ambo hii ilikuwa viwanda, maghala na mashamba ya mboga. Mnara wa mipira ile ya pinki, Oriental Pearl, ni mita 468. Kisha upo Jin Mao, upo ule wenye tundu juu kama kifungulio cha soda, halafu Shanghai Tower, mita 632, ulikamilika 2015, kwa dunia upo nyuma ya Burj Khalifa na Merdeka ya Kuala Lumpur tu. Ule mrefu umesokotwa, ukiutazama kutoka chini unahisi unageuka. Wameusokota ili upepo wa tufani usiushike ubavu mmoja kwa nguvu, upepo unateleza, na kwa hilo wamepunguza vyuma vingi tu.

Sikupanda. Tiketi ya kwenda ghorofa ya 118 ilikuwa yuani 180, na foleni, na siku hiyo juu kulikuwa na ukungu wa moshi moshi. Ukiwa na siku moja usitumie saa mbili kuangalia mawingu.

Fundi wa Mabibo

Shangazi hapo nakupinga kwa heshima zote. Mimi fundi wa lifti. Ile lifti inakupandisha mita mia tano na zaidi chini ya dakika moja na sarafu ukiisimamisha haidondoki. Mtu anafika Shanghai hapandi ile lifti? Ni dhambi.

Shangazi wa Tandika

Basi wewe ukienda utapanda mara mbili, na yangu.

Dada wa Muscat

😂 Na usalama kwa mwanamke peke yake?

Shangazi wa Tandika

Usalama nimetembea na mkoba begani kama niko sebuleni. Wizi sijauona wala kuusikia. Kuangaliwa utaangaliwa, kuna bibi mmoja Yuyuan alinishika nywele zangu za kusuka akataka kujua zinaanzia wapi, nikamwachia akague, naye akanipa ndizi.

Angalizo moja tu ni pale Nanjing na Bund, vijana wawili watatu wasafi, Kiingereza safi, wanakuomba uwapige picha, halafu wewe unatoka nchi gani, halafu twende tukuonyeshe sherehe ya chai ya asili. Usiende. Mama mmoja wa melini alifuata, akaletewa vikombe vidogo kama vya mtoto, bili ikaja ya kulipia nauli ya ndege. Sema asante tembea.

Na bebeni tishu. Vyoo ni visafi, vya bure, vipo kila stesheni, vingi ni vya kuchuchumaa ambavyo sisi tumezoea ila karatasi ndio utata.

Chapati Mbili

Ile treni ya sumaku inayopaa je?

Shangazi wa Tandika

Ipo, inatoka Longyang Road kwenda eapoti ya Pudong, kilomita 30, yuani 50. Zamani ilikuwa inafika kilomita 431 kwa saa, tangu 2021 wanaiendesha 300. Ni upande mwingine kabisa wa mji na gati letu lilipo. Anayekuja kwa ndege aipande, wa meli aisahau.

Jioni sasa. Faida ya kwenda miezi ya baridi ni kwamba jua linazama saa kumi na moja, kwa hiyo taa za Pudong zinawaka ukiwa bado hujaitwa melini. Nikarudi na kivuko kilekile, yuani 2 zingine, saa kumi na mbili jioni taa zote zikawaka, ng'ambo zote mbili, na ule ukingo wa Bund ukajaa watu mpaka askari wakawa wamejipanga mstari wanaongoza watu kama magari, vuka, simama, vuka.

Sisi tulitakiwa tuwe ndani ya meli saa mbili usiku. Niliondoka Bund saa kumi na mbili na dakika kumi na tano, na sikujutia, maana laini namba 3 jioni haiji haraka kama zile za katikati, na imejaa, nimesimama njia nzima pua yangu kwenye begi la mtu. Halafu mnapanga tena foleni ya uhamiaji pale gatini, pasipoti, alama za vidole, mabegi skani. Yule mama wa chai alifika anahema geti linakaribia kufungwa.

Jumla ya siku nzima, teksi mbili, metro, vivuko, chakula mara mbili na matunda, sikufikisha yuani 200. Basi la meli lilikuwa linauzwa zaidi ya mara tatu ya hiyo kwa mtu mmoja.

Kijana wa Likoni

Swali la mwisho shangazi au mzee baharia. Je meli ikikuacha?

Baharia Mstaafu

Ikikuacha imekuacha kijana. Ukiwa kwenye matembezi waliyokuuzia wao melini watakusubiri au watakugharamia mpaka bandari inayofuata. Ukiwa umetoka mwenyewe kama shangazi, nahodha hakusubiri, gati linalipiwa kwa saa na rubani ameshapanda. Unaenda kwa wakala wa meli pale bandarini, kila meli ina wakala wake, namba yake huwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku wanayowapa abiria, ipige picha kabla hujashuka. Baada ya hapo nauli ya kuifuata meli ni juu yako, na viza ya huko inakoenda pia ni juu yako. Ndio maana pasipoti halisi unashuka nayo mfukoni, hata wakikuambia kopi inatosha.

Dada wa Muscat

Nimepiga picha ya hii komenti. Mume wangu ndio mtu wa kuchelewa.